Mama Denise na Mashavu ya Marehemu

Mama Denise hakujua kuchora. Mwenyewe alilisema hilo waziwazi, na watu walicheka wakidhani ni unyenyekevu, maana mjini Bunia siku zile ilikuwa vigumu kuingia nyumba yenye msiba usikute kazi ya mkono wake imesimamishwa juu ya kiti na kuzungushiwa kitenge. Lakini alikuwa akisema kweli tupu. Alichojua ni kufuatisha.

Alijifunza kwa masista, akiwa msichana, walipofundishwa kutia maua kwenye vitambaa vya viti. Unatandika kitambaa, juu yake unaweka karatasi ya kaboni, juu ya kaboni unaweka mchoro wa ua, kisha unapitisha kalamu kwenye mistari kwa kukaza mpaka alama ishuke chini. Wenzake walikuwa wakiruka jani hapa na kuongeza ua pale, kila mmoja na madoido yake. Denise hakuruka wala kuongeza. Mstari ulikokwenda, naye alikwenda. Sista akamsifu mbele ya darasa zima, na tangu siku hiyo darasa zima likamchukia kwa muda wa kutosha.

Mkono ule uliozoea kukaza kaboni ndio uliomlisha baadaye. Alipiga taipu kwa mashine ya chuma katika ofisi za watu, nakala kadhaa kwa pigo moja, mpaka ofisi zenyewe zikafungwa na vita. Vita vya Ituri vina tabia ya mgeni asiyejua kuaga: unamsindikiza mpaka njiani, unarudi ndani, unamkuta amekaa jikoni. Vya kwanza vilimkuta Denise hajaolewa. Viliporudi, yeye alikuwa mjane mwenye watoto wakubwa na kibanda cha sekretaria karibu na soko kuu, yaani mahali ambapo mtu asiye na kompyuta huenda kuandikiwa barua, kutoa fotokopi na kuchapisha karatasi zake za shule.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu. Ilitoka Kampala ikapitia Aru, ikateseka njiani kama abiria mwingine yeyote. Shida yake kubwa ilikuwa virusi. Kila mteja alikuja na fulashi yake, kila fulashi ilikuja na ugonjwa wake, na kazi ya mwanafunzi iliyolala nzima iliamka imegeuka alama zisizosomeka. Serge, fundi wa mitambo wa redio moja ya mjini, mtu wa makamo mwenye kitambi na maneno mengi, ndiye aliyemshauri aondoe mfumo wa zamani na kuweka Linux. Linux, alimweleza, nayo ni mfumo wa kuendesha kompyuta, hauuzwi, na virusi vya Bunia havijui mlango wake.

"Haiuzwi?" Mama Denise aliuliza. "Sasa mwenye aliitengeneza anakulaka nini?"

"Mama, weye acha niweke tu. Ya kula yake iko juu yake."

Akaweka. Mama Denise alikaa akisubiri balaa, kwa kuwa alilelewa na msemo wa rahisi ghali, lakini balaa halikuja. Mashine ikapona. Serge akapata sababu ya kujisifu mpaka leo.

Kibao kilikuja baada ya hapo. Arlette, binti wa jirani aliyekuwa akichorea shirika moja mabango ya kunawa mikono, alihamishwa pamoja na wenzake risasi ziliposogea karibu na mji. Siku ya kuondoka alipita kibandani na begi mgongoni, akaweka juu ya meza kitu cha plastiki nyeusi, karibu mraba, bapa kama sinia. Unakiunga kwenye kompyuta kwa waya, alisema, unachora juu yake kwa kalamu yake, na mchoro unatokea kwenye skrini. Juu yake palikuwa na plastiki nyepesi inayoonyesha, iliyofunguka upande mmoja kama jalada, ili mtu aweze kuingiza picha chini yake na kuifuatisha. Arlette alitaja jina lake la Kifaransa. Mama Denise hakulishika. Aliona ile plastiki inayofunguka tu, akakumbuka kaboni ya masista, moyo wake ukaruka.

Yeye alikiita kibao, na kalamu yake akaiita biki, kama kila kalamu inavyoitwa Bunia. Jina hilo lilimletea usumbufu. Wateja waliotaka kutia sahihi waliinyakua pale mezani, wakaikokota kwenye karatasi, wakaona haitoi wino. Wakaipulizia pumzi ya moto. Wakaisugua katikati ya viganja. Mwalimu mmoja aliilamba ncha kabisa, akamrudishia kwa huruma, akisema, "Mama, hii biki yako ilishakufaka zamani."

Serge aliitwa kukitengeneza. Linux ilikitambua kibao mara moja, lakini kutambuana si kuelewana. Kwanza kilijidhani ni kipanya: ukiinua kalamu na kuishusha mahali pengine, mshale wa kwenye skrini unabaki palepale ulipouacha, hautaki kufuata. Serge alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari wa maneno, na kuanzia hapo kila sehemu ya kibao ikawa na sehemu yake kwenye skrini, kona kwa kona. Kisha ukaja uzito wa mkono. Kibao kilipima jinsi mtu anavyokandamiza, na Mama Denise alikandamiza kama anayetafuta nakala ya nne. Kila mstari ulitoka mnene kama kamba ya kufungia mbuzi.

"Mama, unaandika sawa mutu mwenye anatafuta petroli chini ya udongo!"

"Njo mukono yangu, ni huu tu. Niko na ingine?"

Serge akacheka, akaandika amri nyingine ya kukilegeza kibao, mpaka mkono wa kaboni ukatoa mstari wa kawaida. Amri zote akazikusanya mahali pamoja ili zijiendeshe kila kompyuta inapoamka. Mwisho akajaribu kazi yake kwa kuandika jina lake mwenyewe kwa mbwembwe, akaliona zuri, akaenda zake. Mtu akiandika jina lake mwenyewe huwa halioni kasoro.

Kazi ilianza na wafu, na iliendelea na wafu, kwa sababu ndio waliokuwa wengi. Familia zilitoka vijijini usiku nyumba zikiwaka, zikafika mjini na watoto na sufuria. Picha za ukutani zilibaki ukutani. Kilichookoka mara nyingi kilikuwa kadi ya kupigia kura, maana hiyo mtu hulala nayo, na kwenye kadi kuna picha: uso wa kijivu, mdogo kama ukucha, umetazama kamera kwa hofu ya kufumba macho. Huwezi kuweka hiyo mbele ya waombolezaji. Mama Denise aliikuza kwenye mashine ya fotokopi, akaiingiza chini ya plastiki ya kibao, akaifuatisha kuanzia kwenye nywele na kushuka, macho yake yakiwa kwenye karatasi na si kwenye skrini, kama alivyofundishwa. Aliinua kichwa akiwa amemaliza. Sura ilikuwa pale, safi, haina madoa ya kadi. Na ilikuwa imenenepa kidogo.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aitwaye Augustin, aliyeuawa akitoka shambani upande wa Nyankunde. Mama Denise aliona kwamba uso umepanuka, akaogopa kumwita mjane. Mjane alikuja, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Umemurudishia mashavu," alisema. "Alikuwaka hivi mbele ya vita kuanza. Mungu akubariki, mama."

Neno likatembea. Watu waliokuwa wakila mara moja kwa siku, na siku nyingine wakiruka hiyo moja, waliona wazazi wao na waume zao wamekaa juu ya kiti cha msiba wameshiba. Nani angelalamika? Kwetu kumwambia mtu amenenepa ni kumwambia Mungu hajamsahau. Wakawa wanaelekezana: nenda kwa Mama Denise, yeye analishaka bafu, yaani wafu. Naye, aliyesema hajui kuchora, akaanza polepole kuamini kwamba anajua. Hakuwaambia watu, lakini jioni akifunga kibanda aliutazama mkono wake wa kuume na kuuona una huruma ambayo kichwa hakikuijua. Ulikuwa ni upumbavu mdogo, na alistahili kuwa nao, baada ya miaka yote ile ya nakala za watu.

Ndipo alipokuja Mama Plamedie.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Joséphine, lakini aliyezaa hapotezi muda na jina la ubatizo. Alikuwa mkimbizi wa kambi iliyo pembeni mwa mji, akiuza samaki wa moshi kutoka Tchomia kwenye karai, mwanamke mfupi aliyevaa kilemba kilichokazwa sana. Binti yake Plamedie alikuwa akipikia wachimba dhahabu kwenye machimbo ya upande wa Mongbwalu. Machimbo yalivamiwa, watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake, na wengi walisemekana wamepanda kuelekea Aru, mpakani. Plamedie hakufika Bunia. Kadi yake ya kura aliiacha kwa mama yake tangu alipoondoka, kwa sababu kadi inaandika mtu amezaliwa wapi, na kwenye njia ile, kutegemea ni nani aliyefunga kamba ya kizuizi barabarani siku hiyo, mahali pa kuzaliwa palitosha kumuua mtu.

"Siyo ya matanga," alisema Mama Plamedie kabla hata ya kukaa. "Ya kutafuta. Nitaibandika ku makanisa, ku soko, ku makambi ya njia ya Aru. Mutu akiona, aseme nilimuona huyu."

Mama Denise alielewa. Alikuza kadi, akaiingiza chini ya plastiki, akafuatisha kwa uangalifu kuliko siku zote. Alipotoa karatasi kwenye printa aliona imependeza, akampa mama mtu huku akitabasamu. Mama Plamedie aliitazama. Kisha akailaza mezani uso chini, kama mtu anavyofunika chungu.

"Hii ni ya matanga."

"Hapana, Mama Plamedie. Ni yeye. Ona macho."

"Macho ni yake. Lakini umemuchora sawa vile unachoraka bafu. Nilishaona kazi yako mu manyumba ya batu. Wote banakuwaka na ile mashavu." Sauti yake haikupanda. "Mutu akiona hii kule Aru, atasema pole. Hatasema nilimuona."

Mama Denise aliigeuza karatasi, akaitazama tena. Ilimchoma, na hakujua ni wapi hasa palipochomwa.

"Mutoto yangu iko na sura nyembamba," mama yule aliendelea. "Ni sura ya baba yake. Batoto ya masomo balikuwaka banamuita Kisu. Chora Kisu."

Basi akafuatisha tena. Kisu hakutoka, alitoka yuleyule aliyeshiba. Akajaribu kwa makusudi kuubana mstari wa shavu uingie ndani, akiuacha mstari wa karatasi, na hapo ukweli wake wa siku zote ukajitokeza: hakujua kuchora. Alitoka mtu mwenye shavu moja la binti na shavu moja la mwizi. Mama Plamedie aliona aibu kwa niaba yake, akasema atarudi kesho, ana samaki wa kuuza.

Alipobaki peke yake Mama Denise alikaa akiutazama mkono wake kwa hasira. Kisha akafanya jambo ambalo hufanywa na mshona maua anapotaka duara: alichukua glasi ya chai, akaifunika juu ya kibao, akaizungusha kalamu pembeni yake. Mkono haukosei glasi. Glasi ndiyo inayouongoza. Akainua macho kwenye skrini. Duara halikuwepo. Palikuwa na yai, limelala ubavu.

Akafuta, akarudia. Yai. Akaigeuza glasi, akaweka kikombe, akaweka kifuniko cha chupa ya mafuta. Mayai matupu, makubwa kwa madogo, skrini ikawa kiota.

Hapo alijua. Haukuwa mkono wake. Haukuwahi kuwa mkono wake. Alisikia uchungu wa kweli, ule wa mtu aliyesifiwa hadharani kwa mavazi akagundua yalikuwa ya kuazima. Mzee Augustin, na mama mmoja wa pacha, na katekista mmoja, na wengine wote waliokaa juu ya viti vya msiba, walikuwa wamelishwa na mashine.

Serge alipofika aliona mayai, akapiga paji la uso kwa kiganja. Kosa lilikuwa lake, na kwa heshima yake alikubali mara moja. Kibao, alieleza, kilikuwa karibu mraba. Skrini ilikuwa pana. Yeye alikuwa amekiamuru kibao kiijaze skrini yote, kona kwa kona, nacho kilitii: kikajinyoosha kwa upana.

"Ona sawa drap, shuka ya kitanda kidogo," alisema. "Unaivuta ifike ku pembe za kitanda kikubwa. Maua yote mu ile drap yanakuwa mapana."

"Na ilikuwa hivi tangu ile siku?"

"Tangu ile siku. Mbona weye haukuniambia?"

Mama Denise aliichukua glasi yake, akaifuta. Angesema nini? Kwamba alidhani ni kipaji?

Serge alifungua dirisha jeusi. Aliandika amri ile ya kutaja eneo la kibao linalofanya kazi, akaweka upana kama ulivyo, akakata urefu mpaka umbo la kibao likawa sawa na la skrini. Haikuwa dawa bila gharama. Ukanda mzima wa chini wa kibao ulikufa. Ukipitisha kalamu pale, hakuna kitu. Lakini Mama Denise alipozungusha glasi kwenye sehemu iliyobaki hai, duara lilikuja duara.

"Kwisha," alisema Serge. "Sasa nifute ile ya zamani."

"Usifute."

"Mama, ile ni kosa."

"Ni kosa yako. Lakini batu banaipenda. Nitasema nini ku wajane? Kwamba kuanzia leo bafu watakonda?"

Serge alianza kucheka, akamwona usoni, akaacha. Akafanya kama alivyoambiwa: akatengeneza alama mbili kwenye skrini, kila moja na amri zake, ili mama abonyeze anayoitaka kabla ya kazi. Akauliza aziite nini. Yeye mwenyewe alipendekeza moja iitwe sahihi na nyingine kosa. Mama Denise alikataa katakata. Yeye hakumdanganya mtu, alisema, na hataki neno hilo limtazame kila asubuhi. Alifikiri kidogo, kisha akamwandikisha: ile mpya MUZIMA, ile ya zamani MATANGA. Kompyuta ikiamka, ianze na MUZIMA.

Kesho yake Mama Plamedie alirudi na karai lake. Mama Denise alimfuatisha binti kwa mara nyingine, ndani ya kibao kilichopungua, na uso ukatoka mrefu, mkali, kidevu kimechongoka, hauna msamaha hata kidogo. Haukuwa mzuri. Mama Denise aliutoa kwenye printa akiwa na wasiwasi.

Mama Plamedie aliushika. Ghafla akacheka, kicheko cha sauti, watu wa kibanda cha pili wakageuka.

"Njo yeye! Ona vile anakasirika! Njo Kisu yangu!"

Nakala alipewa Katsuva, dereva wa lori la bidhaa la kwenda Aru, aliyeahidi kubandika moja kila atakaposimama kunywa chai, na kwa unywaji wake wa chai njia nzima ingejaa.

Mvua zikaja zikapita. Ulikuwa mwaka ule ambao wanajeshi walishika utawala wa jimbo, watu wakawa wanafunga milango jua likiwa bado juu, na misiba haikupungua. Mama Denise alibonyeza MATANGA asubuhi na MATANGA alasiri. Aliwahi kujaribu, kwa kutaka haki, kumwuliza mteja mmoja kama anataka marehemu wake kama alivyokuwa au akiwa na mashavu. Mteja alimtazama kama vile ameulizwa kama anataka mboga na mchanga au bila mchanga. Hakuuliza tena. Mashavu aliendelea kuyatoa, sasa akijua yanatoka wapi, na ajabu ni kwamba hayakumpungukia thamani. Wajane walilia vilevile.

Mama Plamedie alizoea kupita kibandani baada ya soko. Aliweka karai chini, akakaa kwenye benchi la wateja, wakazungumza bei ya unga na magoti yao. Hakuuliza habari za Aru na Mama Denise hakuzitaja, kwa kuwa zingekuwepo zingejitaja zenyewe. Jambo moja tu lilimkasirisha. Kambini watu walikuwa wameanza kumwita Mama Joséphine. Walifanya kwa wema, wasimguse penye kidonda.

"Banafikiri niko na masikio ya mutu mwingine," alisema. "Jina yangu ni Mama Plamedie. Hata weye, siku moja utaniita Mama Joséphine."

"Miye? Kamwe, Mama Plamedie."

"Sawa."

Alasiri moja Katsuva alisimamisha lori mbele ya soko, na kesho yake asubuhi Mama Plamedie akaja bila karai. Mama Denise alikuwa akipanga fotokopi za mtihani wa shule. Aliona mikono mitupu, akaona kilemba kimefungwa ovyo, akaziacha fotokopi.

"Karibu, Mama Plamedie."

"Aksanti. Umeamuka?"

"Nimeamuka. Na weye?"

"Niko."

Akakaa kwenye benchi. Alitoa kwenye mfuko wa kitenge karatasi iliyokunjwa, akaikunjua juu ya meza. Ilikuwa mojawapo ya zile picha, imefifia kwa jua, gundi bado iko kwenye pembe. Kisu aliwatazama wote wawili kwa ule ukali wake.

"Katsuva aliileta," alisema. "Kulikuwa bamama mbele ya kanisa moja, mbele ya kufika Aru. Siku ile alibandika, lori ilipokwenda, balimujua palepale; hakusimamaka tena pale mpaka juzi. Balisema sura hii huwezi kuisahau."

"Balimuona?" Mama Denise aliuliza, na moyo wake ulikuwa umeshaanza kufurahi kabla ya akili kuuzuia. "Iko wapi?"

"Ni bale bamama njo balimuosha," alisema Mama Plamedie. "Alifika pale na damu. Balimuosha, balimuvalisha kitenge ya mutu, balimuzika nyuma ya kanisa. Hawakujua jina yake. Sasa banaijua." Akailainisha karatasi kwa kiganja. "Picha yako ilifanya kazi yake, mama. Ilikuwa ya kweli."

Mama Denise alitamani kwa moyo wake wote kwamba ingekuwa mbaya. Alitamani angefuatisha ovyo, pua mahali pa sikio, ili bamama wale waitazame na kusema hatumjui huyu, na Plamedie abaki mahali fulani ng'ambo ya mpaka akipikia watu. Hakuwahi katika maisha yake kujuta kufuata mstari, na sasa alijuta. Akamshika mkono Mama Plamedie. Wakakaa hivyo mpaka mteja mmoja akachungulia mlangoni, akawaona, akarudi nyuma.

Baadaye Mama Plamedie alitoa kadi ya kura ya binti yake, akaiweka juu ya kibao.

Mama Denise alisimama akaikuza kwenye mashine. Akaiingiza karatasi chini ya plastiki, akailaza vizuri kwa upande wa kiganja. Kompyuta ilikuwa imeamka kama ilivyoagizwa, ikiwa kwenye MUZIMA, na alama mbili zilikuwa zimekaa kwenye skrini jirani kwa jirani. Alichukua kalamu. Aliishikilia juu ya nywele, mahali anapoanzia siku zote, na mkono haukushuka. Hakuweza kuondoa neno lile MUZIMA kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mama mtu. Aliona ni afadhali Plamedie akonde tu, akae juu ya kiti cha msiba na kidevu chake.

Mama Plamedie alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na maneno mawili aliyaweza. Alilisoma moja, akasoma la pili, midomo ikisogea.

"Mama Denise," alisema. "Finya ile ingine."

Akafinya. Ukanda wa chini wa kibao ukaamka, na Mama Denise akashusha kalamu, akaanza na mashavu.